Mkanda Namba Tisa

Mume wa dada yangu nilimchukia kwa miaka kumi na tisa, na nalitanguliza hilo ili asitokee mtu baadaye akasema nilificha. Kwenye chuo cha zimamoto alikofundisha walimwita Mkaa, kwa sababu ya koti lake la kazi ambalo halikuwahi kuonja sabuni tangu alipokabidhiwa. Lilikuwa jeusi tii, gumu, ukiliweka sakafuni linasimama lenyewe. Wanafunzi wapya walilimezea mate, maana kwao koti chafu ni cheti: aliyelivaa ameingia motoni mara nyingi na kila mara akatoka. Mimi nilikuwa nesi wa chuo hichohicho na nilijua kilichomo katika weusi ule. Masizi hupenya ngozi ya shingo na ya makwapa, hukaa humo miaka, halafu siku moja mtu anaambiwa ana kansa na anauliza imetoka wapi. Nikamwambia alifue. Akanijibu mbele za watu, "Koti safi ni la mhudumu wa hoteli, Plasta."

Plasta ni jina alilonipa yeye. Siku niliyoripoti kazini alinipima kwa macho kuanzia viatu hadi utosini, darasa zima likisikiliza, akasema, "Hospitali zimejaa, umekosa pa kukaa, ukaona uje utubandike plasta?" Darasa likaangua kicheko. Jioni yake nikamkuta sebuleni kwa dada, kavaa fulana safi, ananivutia kiti na kuniita shemeji. Hana haya wala hana vibaya.

"Mzoee tu, mdogo wangu," dada alisema. "Mdomo wake ndivyo ulivyo, moyoni hana neno."

Moyoni hana neno! Ningejua kwamba siku moja moyo huohuo ndio utakaotuumbua sote, ningecheka mpaka nikae chini.

Simpendi, lakini sitamdhulumu. Mkaa alianza kazi ya zimamoto kwa kuosha magari. Hakuwa na cheti wala mjomba wa kumsemea, alikuwa na ndoo na kitambaa. Akajifunza kuendesha kwa kuyarudisha magari bandani, akajifunza bomba kwa kuwakunjia wenziwe mipira, na siku walipopungukiwa na mtu akapandishwa kwenye gari lenye king'ora na hakushuka tena. Alikuwa na miaka ishirini na saba lilipoungua ghala la magodoro. Waliingia wanne. Moshi wa godoro ni sumu, ukivuta mara tatu huna miguu. Amri ya kutoka ilipotolewa, kiongozi alisimama mlangoni akahesabu kofia za kazi: moja, mbili, tatu, nne. Akafunga mlango ili kuunyima moto hewa. Kofia ya nne ilikuwa kichwani mwa mlinzi wa ghala. Mmoja wao alikuwa amemvisha mzee wa watu ili atoke salama, akarudi ndani kuwatafuta wenzake. Walimpata kesho yake, nyuma ya mlango ule uliofungwa.

Huyo alikuwa rafiki yake Mkaa. Baada ya mazishi Mkaa alivunja kitanda chake mwenyewe, akakata mbao vipande vya ukubwa wa kiganja, akaandika majina ya kikosi kizima kwa msumari wa moto. Akatundika ubao mlangoni. Tangu hapo, popote alipofanya kazi, sheria ilikuwa moja: ukiingia motoni unatundika kibao chako kwa mkono wako, ukitoka unakitungua kwa mkono wako. Usiguse cha mwenzio hata mkiwa mmetoka tumbo moja. Kibao kikitunguliwa na mtu mwingine, mwenyewe amekufa. Chuo kilipomchukua awe mwalimu, alikuja na ubao wake mgongoni, na kila mwanafunzi siku ya kwanza alikatiwa kibao na kusimuliwa habari ya kofia. Aliisimulia vizuri, lazima niseme. Nimeisikia mara kumi na tisa, na kila mara nywele zilinisimama.

Mwaka jana ikaja mikanda. Unaifunga kifuani chini ya nguo, kila mmoja na namba yake, na ukishavuka mlango wa nyumba ya moto inapeleka mapigo ya moyo wako na joto la mwili kwenye skrini iliyo nje. Nyumba ya moto ni jengo la saruji la ghorofa mbili tunalolichoma makusudi kwa mbao na majani makavu ili watu wajifunze. Mikanda ilikuja na mtaalamu wake, tuliyemwita fundi, mtu mpole asiyemaliza sentensi bila kusema "mfumo". Alileta pia miwani mikubwa inayomwonyesha mwanafunzi moto wa uongo akiwa amekaa darasani. Mkaa aliivaa, akageuza shingo huku na huku, akaivua. "Moto usiochoma ni ndoto," akasema. "Nikitaka kuota nina kitanda." Akamrudishia fundi miwani kwa vidole viwili kana kwamba ina upele.

Pamoja na mikanda zikaja kanuni, ukurasa mmoja, kila mwalimu nakala yake. Namba ikizidi mia na themanini kwa dakika mbili, skrini inakuwa nyekundu na mtu anaitwa nje. Nyekundu tatu katika kozi moja, awe mwalimu au mwanafunzi, anapelekwa bodi ya afya, na bodi ikishamtoa haingii tena motoni. La mwisho lilikuwa langu: kabla ya kila kuingia, nesi atampima kila mtu mapigo kwa mkono, vidole viwili, nusu dakika, ataandika kwenye fomu na kutia sahihi. Anayezidi mia moja haingii. Nakala ya Mkaa niliiona wiki ileile ikiwa imekunjwa mara nne chini ya mguu mfupi wa meza ya chai.

Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Mtu wa miaka hamsini na saba, anayevuta pumzi kwa sauti akipanda ngazi, anayejishika bega la kushoto akidhani haonekani. Nilijua mkanda utasema. Nilijua nitaipeleka karatasi mwenyewe kwa mkuu wa chuo, na Mkaa atahamishiwa getini kuandika namba za magari, na mimi nitapita pale kila asubuhi nikimsalimia kwa adabu.

Asubuhi ya kwanza nilimnyooshea mkono nimpime. Akaurudisha wake nyuma. "Mkono huu anaushika dada yako peke yake," akasema, na kikosi kikacheka kile kicheko nilichokizoea. Nikaona isiwe taabu. Kwenye fomu nikaandika sabini na mbili. Kesho yake sikunyoosha mkono na yeye hakuleta wake. Nikaandika sabini. Niliandika hivyo siku thelathini na moja, sabini, sabini na nne, sitini na tisa, nikibadilibadilisha ili ipendeze, na kila moja nikaitilia sahihi. Wengine wote niliwapima. Yeye nilimwachia mkanda umuumbue, maana kumgusa nilishindwa.

Wiki ya pili ikaja nyekundu yake ya kwanza. Niliisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mkaa alitoka, akavua barakoa, akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi. Baada ya hapo mambo yakageuka. Namba moja, mkanda wake, ukatulia. Anapanda ngazi na mpira wa maji begani, moyo mia na ishirini. Anaburuta mwanasesere wa mazoezi wa kilo themanini, mia na thelathini. Nilikaa mbele ya skrini nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa mlangoni. Nikasema Mungu naye ana upendeleo.

Aliyeharibika ni namba tisa. Huyo alikuwa mwanafunzi katika kikosi cha Mkaa, binti mrefu tuliyemwita Twiga, mchezaji wa mpira wa wavu, aliyeacha kazi ya duka kuja kwetu. Alikuwa ameomba nafasi mara tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa ya mwisho, kwa sababu mwezi uliofuata angetimiza miaka ishirini na mitano na mlango wa umri ungefungwa. Wiki mbili za kwanza hakuna aliyemfikia, moyo wake ulikuwa wa kwanza chuo kizima. Kuanzia ya tatu ukawa wa mgonjwa. Akavuka nyekundu mara moja, akavuka tena. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilikuwa na macho kwa namba moja tu, nikaandika kwenye taarifa ya bodi: "Ana wasiwasi akiwa ndani ya moshi. Kazi hii huenda haimfai." Sentensi hiyo ni yangu, na mwandiko ni wangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali. Mkaa na kikosi chake cha wanne walitundika vibao, nikawapima wale wanne, nikaandika sabini na moja kwa Mkaa, wakaingia. Dakika ya sita namba tisa ikapanda. Mia na themanini. Mia na themanini na tano. Skrini ikawa nyekundu na king'ora chake kidogo kikaanza kulia. Nikashika redio nikasema, "Namba tisa, toka nje. Namba tisa, nje." Twiga akatoka mwenyewe, hakubebwa. Akatungua kibao chake, akakaa benchi karibu na mlango, akavua barakoa. Hakuigusa chupa ya maji niliyompa. Alikuwa anautazama mlango aliotokea.

Skrini ilikuwa bado inalia. Mia na tisini na sita, na mtu mwenyewe amekaa mbele yangu, jasho la kawaida, midomo ya kawaida. Nikamshika mkono. Vidole viwili, nusu dakika. Themanini na nane. Nikahesabu tena. Themanini na nane. Nikatazama skrini mstari wa juu kabisa, namba moja, mstari ambao nilidhani nimeutazama wiki tisa. Themanini na nane.

"Umevaa mkanda wa nani?" nikamwuliza.

Machozi yalimtoka tu, na macho hayakuondoka mlangoni. Nikageuka kuutazama ubao. Kilikuwepo kibao cha Mkaa, cha mbao ya kitanda, kinaning'inia.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Walimu wawili wa vikosi vingine wakavaa mitungi ya hewa wakaingia, na wanafunzi wake watatu tukawatoa kwa redio. Walimkuta kwenye kona ya ngazi, amelala kifudifudi juu ya mpira wa maji, barakoa usoni, moyo unarukaruka bila mpango. Kwenye gari la wagonjwa nilimkata fulana kwa mkasi. Kifuani alikuwa na mkanda. Niliuvua mwenyewe, nikaugeuza, nikaisoma ile tisa, nikautia mfukoni mwa koti langu jeupe. Mwenzangu alikuwa anashughulika na hewa, hakuona; macho ya Mkaa yalikuwa nusu wazi.

Hapo ndipo ungesema nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo. Sikwenda. Kumsema Mkaa kulimaanisha kufungua fomu, na fomu zilikuwa na sahihi thelathini na moja za mtu aliyempima Mkaa kila asubuhi na kumkuta mzima. Moyo ule haukuanza kuugua Jumanne. Vidole viwili wiki ya tatu vingemkuta amepita mia, na asingeingia, na kubadilishana mikanda kusingefaa kitu. Nyani haoni kundule; mimi nililiona vizuri sana na nikalikalia.

Taarifa ya chuo ikasema mwalimu ameanguka kwa joto. Fundi aliusaka mkanda namba tisa siku nane, akapekua hadi mapipa ya taka. Na mashine, ambayo haina adui wala shemeji, ikafanya kazi yake: namba tisa, nyekundu ya tatu, bodi ya afya, Alhamisi ya wiki inayofuata. Twiga alipewa barua mbele yangu. Alinitazama usoni akangoja. Nikajifanya natafuta kalamu.

Jumamosi nikaenda hospitali. Dada alikuwa ukumbini, kitambaa mkononi. "Mdogo wangu," akasema, "si wewe ndiye unayewapima kabla hawajaingia? Ilikuwaje?" Nikamwambia nitamweleza. Akanitengenezea kola ya koti kama alivyozoea tangu nikiwa shule. Ningependa angenipiga kofi.

Mkaa alikuwa ameketi kitandani na waya kifuani, yeye aliyeukimbia mkanda mmoja kazini. Aliniona, akageuzia uso ukutani.

"Alhamisi wanamtoa Twiga," nikasema. "Kwa moyo wako."

"Kamwambie mkuu basi. Mdomo unao."

"Mimi? Aliyebadilisha mikanda ni nani?"

"Na aliyeandika nimepimwa ni nani?" Akageuka. Alikuwa amekonda, lakini ule ujeuri haukuwa umepungua hata kijiko. "Unafikiri sikuwa naona kalamu yako? Kila siku unaandika hujanigusa. Nilikuwa najisemea, leo Plasta ataweka ngapi. Sema wewe, Plasta. Ukisema nitakubali."

"Useme wewe kwanza."

"Basi tukae."

Tukakaa, kweli. Watu wazima wawili, kila mmoja anangoja mwenziwe azame kwanza, na katikati yetu binti wa watu asiye na kosa ila moyo mzima. Mkaa alimtia kwenye mtego huu nyuma ya banda la mipira ya maji, kama nilivyokuja kusikia baadaye. Alimwambia, "Moyo unao wa kugawa, niazime," na akamhakikishia kwamba nyekundu za mwanafunzi hazihesabiwi. Hakuisoma kanuni, iko chini ya mguu wa meza. Na Twiga angemkataliaje mwalimu aliyempa nafasi ya kurudia mtihani wa ngazi mara mbili wakati wengine walisema afukuzwe?

Nilisimama niondoke. Hasira zilikuwa zimenifika hapa. Nikamwambia neno ambalo nilijua pa kuliweka.

"Rafiki yako walihesabu kofia," nikasema, "wakamfungia mlango. Miaka thelathini unalia na kuwafundisha watu wasihesabu kofia. Halafu ukatwaa kofia yako ukamvisha Twiga."

Mashine iliyokuwa pembeni yake ikaanza kulia. Nesi wa wodi akaja mbio, akanifukuza kama kuku. Alikuwa na haki.

Kibao chake kilikuwa bado kinaning'inia mlangoni pa nyumba ya moto. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Vikosi vingine viliingia na kutoka, wakatundika na kutungua, wakikizunguka kile kimoja kwa uangalifu. Mkuu wa chuo alipotaka kiondolewe, walimu walimjibu kwa heshima kwamba mwenyewe yu hai.

Alhamisi saa tatu bodi ilikaa katika chumba cha mikutano: mkuu wa chuo, daktari wa nje, na fundi. Twiga alikaa mbele yao, sare imepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Mimi nilikaa pembeni na faili la fomu. Mfukoni nilikuwa na mkanda. Nilikuwa nimetoka nao nyumbani, na hadi leo sijui kama nilitoka nao ili niutoe au ili nisiuache mahali ukaonekana.

Daktari alimwuliza Twiga kama ana la kusema. "Sina, daktari." Akamwuliza kama huwa anaogopa moshi. Twiga akafikiri. "Naogopa kidogo, kama mtu yeyote," akasema. Daktari akaandika. Kisha akasoma kwa sauti sentensi yangu: ana wasiwasi, kazi hii huenda haimfai. "Nesi, bado ni maoni yako?"

Nilifungua mdomo. Ningesema nini, sijui, na sitajipamba kwa kusema najua. Mlango ulifunguliwa kabla sijajua.

Mkaa aliingia akishikiliwa kiwiko na dada yangu. Kanzu ya hospitali ilichungulia chini ya lile koti jeusi. Alikuwa ametoroka wodini. Mkono wa kulia ulikuwa na kibao cha mbao. Alikuwa amepita kwenye nyumba ya moto akakitungua kwanza, na kutoka pale hadi chumba cha mikutano ni hatua mia mbili, amezitembea kwa miguu yake. Akakiweka mezani mbele ya mkuu wa chuo.

"Moyo ulioko kwenye karatasi hiyo ni wangu," akasema. Alisimama akavuta pumzi. "Mkanda tisa nilivaa mimi tangu wiki ya tatu. Huyu alivaa wangu kwa amri yangu. Mkitaka moyo wake, someni namba moja. Hamjapata kuwa na mtu kama huyo hapa."

Dada alimvuta akae, akakataa. Alinigeukia, na ule uso niliuchukia kama siku ya kwanza.

"Na huyu nesi hakunishika mkono hata siku moja. Muulizeni zile namba alizitoa wapi. Muulizeni mkanda alionivua kifuani kaupeleka wapi."

Dada yangu alinitazama. Daktari alinitazama, fundi alinitazama, Twiga peke yake hakunitazama. Nikatia mkono mfukoni nikautoa mkanda, nikauweka karibu na kibao.

"Ni kweli," nikasema. "Sikumpima. Nilitunga."

"Kwa nini?" daktari akauliza.

"Kwa sababu simpendi."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejibu ukweli mtupu, na ulisikika wa kijinga kuliko uongo wowote niliopata kuuandika.

Twiga alipimwa upya siku tatu mfululizo, kwa mkanda na kwa mkono wa nesi mwingine. Alifaulu. Alipewa onyo la maandishi kwa kuficha, akalipokea, na sasa yuko kazini kwenye kituo cha zimamoto. Siku ya kuhitimu alimpigia Mkaa saluti pale kwenye kiti chake. Kwangu alisimama kidogo. "Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "siku ile ulinishika mkono mara mbili. Ulijua tangu pale benchi." Akaenda kupigwa picha na wenzake.

Mkaa alistaafishwa kwa ugonjwa. Mimi nilivuliwa ruhusa ya kutia sahihi. Sasa niko kliniki ya wafanyakazi, napima presha za makarani chini ya usimamizi wa nesi niliyemzidi umri kwa miaka kumi na tano. Dada alininyima salamu miezi miwili. Siku moja akapiga simu. Daktari ameagiza Mkaa apimwe mapigo kila asubuhi kwa mkono, kabla ya dawa, na Mkaa ameletewa saa ya mkononi inayopima yenyewe, akaitupa kwenye ndoo ya maji.

"Anasema mashine ameshaidanganya mara moja, hana imani nayo," dada akasema. "Na mimi mikono inanitetemeka, siwezi kuhesabu. Njoo, mdogo wangu. Usiongee naye kama hutaki."

Basi napita kila siku saa kumi na mbili asubuhi nikienda kazini. Namkuta kibarazani, koti lake limetundikwa kwenye kamba. Dada amelifua kwa nguvu na limegeuka kuwa la kijivu, hakuna anayelitaja. Hanisalimii, simsalimii. Hatuivi chungu kimoja na sioni siku tutakayoiva. Ananyoosha mkono anatazama pembeni. Naweka vidole viwili, natazama saa yangu, nusu dakika.

"Ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Muongo. Rudia."

Namshika tena, nahesabu upya.